Mjomba alete gitaa lipi? Jibu kwa mpiga solo wa Moshi

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye bendi ndogo hapa Moshi. Jumamosi tunapiga harusini na kwenye sendofu, Jumapili baadhi yetu tunapiga kanisani. Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster. Halina ubaya, ila kila bendi ninayokutana nayo ina hilo hilo. Mjomba wangu anayeishi Ujerumani anakuja Krismasi na amekubali kuniletea gitaa moja la mtumba, nichague mwenyewe. Nimempa majina manne, yote ya magitaa yasiyo ya kawaida: Flying V (nakala, si Gibson yenyewe), Steinberger Spirit lisilo na kichwa, Danelectro 59, na moja la plastiki linaloonyesha mpaka ndani. Ungekuwa mimi ungechukua lipi? Na ukiacha hayo manne, wewe mwenyewe unayapenda yapi kati ya magitaa ya ajabu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza ili mjomba aanze kutafuta: alete Danelectro. Steinberger ni la pili, kwa sharti moja nitakalolieleza. Flying V lina raha yake lakini litakusumbua. Hilo la plastiki achana nalo. Sasa nikueleze kwa nini, maana naona umeyachagua kwa picha, na picha haikuambii chochote kuhusu saa mbili usiku, uzi umekatika na bibi harusi yuko mlangoni.

Galatoni, yaani gitaa lisilo la umeme, lina tumbo kwa sababu tumbo ndilo spika yake. Ukilibadilisha umbo, umebadilisha na sauti. Gitaa la umeme halibanwi hivyo. Uzi wa chuma unatetemeka juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, umeme kidogo unazaliwa, waya unaupeleka kwenye amplifaya. Mbao zina mchango wake, sikatai, lakini mtengenezaji ana uhuru wa kukata bodi anavyotaka. Na uhuru huo ulitumika tangu siku ya kwanza. Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa madukani, lililobuniwa na George Beauchamp na kutoka mwaka 1932 chini ya kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker, lilikuwa la alumini ya kumimina: bodi ya duara dogo, shingo ndefu, linalazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma kwa mtindo wa Hawaii. Watu waliliita Kikaango. Stratocaster, ambayo wewe umeichoka, ilikuja mwaka 1954, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Kwa hiyo mimi gitaa la ajabu silishangai kwa sura. Nauliza hiyo ajabu inafanya kazi gani. Kuna magitaa ambayo mtu alikuwa na shida, akaitatua, na umbo likatoka vile kwa sababu ya shida. Na kuna magitaa ambayo mtu alichora picha kwanza, shida akamwachia mpigaji. Bo Diddley, mpiga gitaa mzaliwa wa Mississippi aliyekulia Chicago, alipenda gitaa la mstatili mtupu. Mwaka 1958 kampuni ya Gretsch wakamtengenezea moja. Ukiliona unacheka, lakini lilikuwa dogo, lilikaa vizuri mwilini, na yeye alirukaruka nalo jukwaani bila kubanwa na pembe yoyote. Nalihesabu upande wa kwanza.

Tuje kwenye manne yako.

Flying V ilitoka mwaka 1958, wakati Gibson, chini ya mkuu wake Ted McCarty, ilikuwa ikionekana kampuni ya wazee na wapinzani wao Fender, wenye Stratocaster, wanauza kwa vijana. Akatoa maumbo ya kutikisa, V na nduguye Explorer, kwa mbao ya limba ambayo wao waliiuza kwa jina la korina. Limba ni mti wa kwetu Afrika, unaota kuanzia Afrika Magharibi hadi Kongo. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba gitaa lililoitwa la kizazi cha roketi lilichongwa kwa gogo la huku. Soko halikulielewa. Zilizotoka katika awamu ile ya kwanza hazikufika mia, na leo bei yake ni ya nyumba. Aliyelielewa mapema ni Albert King, mpiga blues wa mkono wa kushoto aliyelipiga limepinduliwa, nyuzi nene zikiwa chini. V ikarudi kiwandani miaka ya 1960, safari hii kwa mahogani, na Jimi Hendrix akawa nayo moja aliyoipaka rangi mwenyewe.

Faida yake ya kweli ni kwamba shingo inatoka nje ya bodi karibu yote. Mkono unapanda mpaka freti za mwisho, vile vyuma vinavyokatiza shingo, bila kugonga kitu, na kwa mtu wa sebene hilo si jambo dogo. Shida inaanza ukikaa. V inateleza pajani. Gibson wenyewe walijua, ndiyo maana za mwanzo zilibandikwa ukanda wa mpira wenye mistari ubavuni ili zishike suruali. Kuna njia ya kulikalia: unaingiza paja katikati ya mabawa, shingo inapanda juu kama wapigaji wa klasiki. Inafaa, ila mazoezi ya kwaya ya saa tatu kwa mkao ule mgongo utakusema. Halafu begi. Begi la kawaida haliingii V, na sanduku lake ni pana kama meza. Fikiria Coaster ya Arusha–Moshi siku ya Ijumaa, au bodaboda ya Kiboriloni, na konda anakutoza nauli ya abiria wa pili.

Jingine halionekani kwenye picha: kichwa cha magitaa ya familia ya Gibson kimelala nyuma, na mbao pale shingo inapokutana na kichwa ni nyembamba kwa sababu imechimbwa kuweka njia ya kukaza chuma cha ndani, kile kinachoinyoosha shingo. Likianguka kifudifudi tu, kichwa kinaondoka. Naziunga mara kwa mara hapa Arusha, kwa gundi ya mbao na vibano, na kazi ikifanywa sawasawa inashika kuliko mwanzo, lakini ufa utauona milele. Tena nakala nyingi za V za mtumba zimetengenezwa kwa ajili ya vijana wa muziki wa metali (heavy metal): pikapu zina nguvu kupita kiasi, sauti inatoka nzito na yenye matope, na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye bodi, ni lile la kufunga nyuzi kwa skrubu pande zote mbili. Uzi ukikatika kwenye daraja la namna ile nyuzi zote zinapoteza tyuni, na unahitaji funguo ndogo za pembe sita ambazo siku zote ziko nyumbani. Ukilipata lenye daraja la kawaida na pikapu za wastani, na wewe ni mtu wa kusimama mbele ya jukwaa, sikukatazi. Mpiga picha wa harusi atakupenda kuliko bwana harusi.

Steinberger ni habari nyingine kabisa. Ned Steinberger alikuwa mbunifu wa samani, akashirikiana karakana na mtengeneza magitaa ya besi huko Brooklyn, New York, akaanza kuuliza maswali ambayo watu wa magitaa walikuwa wamezoea kutoyauliza. Kwa nini besi inainamisha shingo mpigaji akiiachia mkono? Kwa sababu ya uzito wa kichwa na funguo zake. Basi kichwa kiondoke. Nyuzi zikashikwa kwa mpira wake, ile tufe ndogo ya chuma iliyo mwishoni mwa uzi, kwenye ncha ya shingo, na kutyuni kukahamia nyuma, kwenye daraja. Bodi nayo, kama haifanyi kazi kubwa, ya nini? Ikakatwa ikabaki ubao wa mstatili, ukubwa wa kutosha kubeba pikapu. Za mwanzo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, hazikuwa za mbao bali za nyuzi za kaboni na gundi ngumu, kitu kisichojali mvua wala jua. Gibson waliinunua kampuni mwaka 1987, na Spirit unayoiona mtandaoni ni toleo la bei nafuu, la mbao, lenye wazo lile lile.

Kwa safari zako za Moshi, Arusha, Himo, hakuna kitakacholishinda. Linaingia kwenye begi la mgongoni, linakaa magotini ndani ya Noah iliyojaa, halina kichwa cha kuvunjika, na tyuni yake inakaa kwa sababu skrubu inavuta uzi moja kwa moja, hakuna kuzungushia. Watakaokuuliza gitaa lako limekatwa na nani ni wengi, zoea.

Sharti sasa. Spirit limeundwa kwa nyuzi zenye mpira pande mbili, kwa sababu kule mbele hakuna pa kuzungushia. Nyuzi za kawaida zinapatikana Moshi, zinapatikana Arusha, na Kariakoo hazikosekani. Zenye mpira pande mbili mimi huagiza kutoka nje, na zikija zinakuja seti nzima. Kuna kifaa cha kubana uzi wa kawaida kwa skrubu kwenye ncha ya shingo, na mtumba mwingine unakuja umeshafungwa hicho. Kwa hiyo: ama mjomba alete seti za kukutosha mwaka, ama alete na hicho kibano. Bila kimojawapo, gitaa litakuwa pambo la ukutani mara uzi wa kwanza utakapokatika, na uzi wa kwanza ndio unaokatika.

Kabla sijafika kwenye Danelectro, nimalize la plastiki. Wazo si baya. Mwaka 1969 Dan Armstrong aliwatengenezea kampuni ya Ampeg gitaa la akriliki safi, unaona mkono wako kupitia bodi, na Keith Richards akazunguka nalo Marekani na Rolling Stones mwaka ule ule. Lakini lile lilikuwa na kitu ndani: pikapu ilichomolewa na kuchomekwa nyingine, unabadilisha sauti bila kufungua skrubu za bodi. Unaloliona wewe, kwa maelezo ya tangazo ulilonitumia, ni nakala isiyo na ufundi ule. Kilichobaki ni uzito. Akriliki ni nzito. La Armstrong lenyewe lilizidi kilo 4. Harusi zetu unazijua, kuanzia kuingia kwa maharusi hadi kufungua muziki ni saa nyingi umesimama. Na plastiki ikikwaruzwa haina pa kujificha.

Danelectro, basi. Hapa niruhusu nikae.

Nathan Daniel alikuwa mtu wa amplifaya, si seremala. Alianzisha kampuni mwaka 1947, ikaja kuwa na kiwanda New Jersey, na mteja wake mkubwa alikuwa Sears, maduka yaliyouza kwa katalogi kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Alipoanza kuunda magitaa, mwaka 1954, akili yake ilikuwa kwenye gharama: nini kinaweza kuondolewa na sauti ibaki? Akaja na fremu ya mbao rahisi iliyofunikwa juu na chini kwa hadibodi, hiyo hiyo ambayo nyumba nyingi za zamani hapa zimepigiwa dari. Ubavuni akazungusha ukanda wa plastiki kuficha maungio. Pikapu akazitia ndani ya maganda ya chuma yaliyotengenezwa kwa ajili ya lipstiki. Si mfano wa lipstiki; ni maganda yenyewe. Hata kizingiti, kile kipande kidogo nyuzi zinapopita kutoka shingoni kwenda kichwani, kilikuwa cha alumini.

Ukilishika kwa mara ya kwanza utadhani ni la mchezo. Lina uzito wa karibu kilo 3, ndani lina uwazi, ukiligonga kwa kidole linaitika. Lichomeke sasa. Sauti inatoka safi, yenye ukali wa kengele, haina mafuta mengi katikati. Katika bendi ya rock ya watu watatu unaweza kuiona nyembamba. Katika dansi ndiyo inayotakiwa. Solo yetu haipigi peke yake: kuna ridhimu, kuna besi, kuna kinanda ambacho siku hizi kinajaza kila nafasi, na mara nyingine gitaa la tatu. Mpiga solo mwenye sauti nene anapandisha volumu ili asikike, mwenye kinanda naye anapandisha, mwisho wake mama mkwe anaziba masikio. Sauti nyembamba yenye ncha inapita katikati ya wenzake bila ugomvi. Sikiliza rekodi za zamani za Mbaraka Mwinshehe, au za ndugu wawili Wilson na George Kinyonga, ambao kabla ya kuvuka mpaka na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971 walipita hapa hapa na bendi ya Arusha Jazz. Sisemi walipiga Danelectro. Nasema ukiliwasha utajikuta mtaa ule ule wa sauti, bila kuzungusha vitufe nusu saa.

Kuna hila nyingine. Magitaa mengi ya pikapu mbili, ukiziwasha zote pamoja zinafanya kazi sambamba na sauti inalainika. Daniel aliziunganisha moja nyuma ya nyingine, hivyo zote mbili zikiwaka sauti inanenepa na kupanda. Matoleo mengi ya sasa yameufuata mpango huo. Unapiga wimbo mzima na pikapu ya nyuma, ikifika sebene unasukuma swichi katikati, umepanda bila kugusa volumu wala kanyagio.

Na sasa jambo ambalo hukuniuliza ila najua utalitaka. Wakongo wana ile namna ya kutoa uzi wa nne na kuweka uzi mwembamba mahali pake, wenyewe wanaiita mi-composé. Gitaa la katikati linasikika kama magitaa mawili. Unachukua uzi wa kwanza wa ziada, unaufunga nafasi ya nne, unautyuni D ya juu, yaani hatua moja nzima chini ya E yake ya kawaida, kwa hiyo haukazwi kupita kiasi na haukatiki ovyo. Kwa Steinberger ni taabu, maana uzi mmoja mmoja wenye mpira pande mbili utaupata wapi? Kwa Danelectro ni funguo za kawaida, uzi wa kawaida, dakika tano.

Kitakachokusumbua ni kizingiti. Mfereji wa uzi wa nne umechongwa kwa uzi mnene. Mwembamba ukiingia mle unacheza na kulia kama nyuki. Wengine wanaweka kipande cha karatasi chini yake, na karatasi inaishi wiki moja. Mimi nachonga kizingiti kipya cha mfupa. Buchani unaomba mfupa wa mguu wa ng'ombe, sehemu iliyonyooka, ukuta wake uwe mnene. Unauchemsha mpaka mafuta yatoke, unauanika mahali penye hewa mpaka ukauke kabisa na kuwa mweupe mkavu, si jua kali la mchana kwa sababu utapasuka. Unaukata kwa msumeno wa chuma, unausawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kisha mifereji inachongwa kwa tupa nyembamba, kila uzi na tupa yake, ikiinama kidogo kuelekea kichwani ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele. Usichonge kina kikubwa. Kina kikizidi uzi unagonga freti ya kwanza na kazi inaanza upya. Kizingiti cha alumini kihifadhi kwenye begi, siku ukirudia nyuzi za kawaida utakirudisha.

Sasa lawama zake, kwa sababu zipo nyingi. Daraja la mfano wa 59 wa kawaida lina kipande kimoja cha mbao ambacho nyuzi zote zinakilalia. Ukipanda juu ya freti ya kumi na mbili, uzi mmoja utakuwa umepanda kidogo na mwingine umeshuka, na huwezi kurekebisha mmoja mmoja. Kwa ridhimu ya chini hutaona. Kwa solo ya juu utaona, na mpiga kinanda ataona kabla yako. Yapo matoleo yenye daraja la chuma linalorekebishika kila uzi. Hilo ndilo mjomba alitafute, hata likizidi bei kidogo. Pili, pikapu ni za koili moja, kwa hiyo zinaunguruma karibu na taa na kwenye kumbi ambazo waya wa ardhini haukufungwa. Nikifungua nabandika karatasi ya shaba ndani na kuiunganisha na waya wa ardhi, muungurumo unapungua sana, hauishi wote. Tatu, ule ukanda wa ubavuni unabanduka kwenye joto, na Moshi yenu ina joto kuliko huku kwetu. Gundi ya viatu inatosha. Nne, lisinyeshewe. Hadibodi ikinywa maji inavimba, na ikishavimba hairudi. Kipindi cha masika funika begi na nailoni, usione aibu.

Jihadhari na ya zamani kabisa, ya miaka ya 1950 na 1960, hata mjomba akiokota kwa bei ya kushangaza. Shingo zake zina vyuma viwili visivyokazika; ikipinda, imepinda. Na mwaka 1962 Sears walianza kuuza Danelectro kwa jina la Silvertone ambalo sanduku lake lenyewe lina amplifaya na spika ndani. Ni kitu kizuri mno kukitazama, ila ni cha umeme wa Marekani, volti 120. Ukichomeka kwenye 230 ya Tanesco utapata moshi, na sizungumzii mji wako.

Umeniuliza ninayoyapenda mwenyewe. Hapa sibanwi na nyuzi wala nauli.

La kwanza ni Red Special la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya mzaliwa wetu wa Zanzibar Freddie Mercury. Mwaka 1963, May bado kijana wa shule, yeye na baba yake, mhandisi wa elektroniki, walianza kuliunda nyumbani kwa sababu hakuwa na uwezo wa kununua Fender. Shingo ilichongwa kutoka ubao wa juu ya meko uliokuwa na umri wa zaidi ya karne, matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Springi za daraja ni za vali za injini ya pikipiki. Mkono wa kutikisia ulitoka kwenye chuma cha kushikia mkoba wa baiskeli, ncha yake ni sindano ya kufumia ya mama, na vidoti vya shingoni ni vifungo kutoka kwenye kisanduku chake cha ushonaji. Hapo mtu anaweza kusema ni hadithi nzuri tu ya umaskini. Angalia umeme wake. Kila pikapu kati ya tatu ina swichi yake ya kuwasha na kuzima, na swichi ya pili ya kugeuza mkondo. Pikapu mbili zikigeuziana mgongo, sauti nene zinafutana na inabaki ile nyembamba yenye kulia puani. Zikienda pamoja, inajaa. Sauti nyingi sana kutoka kwenye gitaa moja, bila kompyuta, miaka ya 1960. Amelipiga maisha yake yote, kwa sarafu badala ya pleki. Zipo nakala za kiwandani, na kama mjomba angekuwa na mfuko mnene zaidi ningebadilisha jibu langu la juu.

La pili ni Danelectro Longhorn la mwaka 1958, lenye pembe mbili ndefu zilizojikunja kama za ng'ombe wa Ankole. Sina sababu ya kiufundi ya kutosha. Nalipenda tu.

La tatu litakushangaza: Ovation Breadwinner, la mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni baya. Linafanana na shoka lililoyeyuka. Lakini likalie. Ule mkato wa chini umepangwa ulale pajani, shingo inajisimamia yenyewe kwenye pembe ya kupigia, na ndani lina kikuza sauti kidogo cha betri wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa akifanya hivyo kwenye gitaa la bodi ngumu. Kampuni moja ikatumia ujasiri wote huo na watu hawakununua kwa sababu ya sura.

Magitaa ya Italia ya miaka ya 1960 nayapenda kwa macho zaidi ya masikio. EKO wa Recanati walitokea kwenye utengenezaji wa akodiani, hivyo gitaa lao limevikwa plastiki ya kumetameta na safu ya vitufe vya kubonyeza kama akodiani lililonyooshwa. Vitufe vingi, sauti zinazofanana. Parker Fly la mwaka 1993 nalipenda mikononi na kulichukia mezani: halifiki kilo 2 na nusu, lina ganda jembamba la nyuzi za kaboni na za kioo juu ya mbao nyepesi, kulipiga ni raha tupu, lakini freti zake za chuma kisichoshika kutu zimegundishwa bila mguu wa kuingia kwenye mbao, na kampuni imefunga tangu 2016. Likiharibika kifaa cha ndani, unatafuta vipuri kama mtu anayetafuta jamaa aliyepotea.

Travis Bean, la mwaka 1974, shingo ya alumini iliyonyooka mpaka chini ya daraja, uzi unalia muda mrefu ajabu. Asubuhi ya Julai hapa Arusha shingo ile inauma vidole kwa baridi, na ikipata joto la taa za jukwaani tyuni inahama. Kile Kikaango cha mwaka 1932 kilikuwa na tatizo hilo hilo. Magitaa ya shingo mbili siyataki. Uzito wa mtoto begani kwa ajili ya wimbo mmoja. Beba mawili, weka moja kwenye stendi.

Turudi kwa mjomba. Asinunue kwa picha ya mbele peke yake. Amwombe muuzaji picha ya ubavu, shingo ikitazamwa kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani, aone kama imepinda. Picha ya nyuma ya kichwa, ufa huanzia hapo. Na picha ya karibu ya ukanda wa ubavuni, kama kuna sehemu hadibodi imevimba. Akiweza kulishika, alichomeke na azungushe kila kitufe. Mikwaruzo ya sauti kwenye vitufe isimtishe, hiyo ni vumbi na inasafishwa. Apige kila uzi kwenye kila freti, polepole, asikilize panapokufa sauti. Aongeze seti kadhaa za nyuzi namba 10 na nyuzi za kwanza za ziada kwa ajili ya ile kazi ya Kikongo. Kabla ya ndege alegeze nyuzi kidogo, asizitoe zote.

Likifika, usilifungue hapo hapo usiku mkiwa mnachinja. Litakuwa limetoka kwenye nyumba za Ujerumani zenye hewa kavu ya hita, likapita tumbo la ndege, likaingia kwenye joto la Desemba la Moshi. Liache ndani ya begi mpaka kesho yake, litoe, litundike ndani siku chache kabla hujagusa chuma cha shingo. Shingo nyingi zinahama zenyewe siku hizo na mtu anayekimbilia funguo anarekebisha kitu kitakachohama tena. Kisha panda basi uniletee, ila iwe Januari. Desemba meza yangu imejaa magitaa ya makanisa, yote yanatakiwa kabla ya mkesha.